Mwenzako akinyolewa zako tia maji, na mashine itie mafuta

JUMAMOSI moja asubuhi mtaani Walukuba, jijini Jinja, kijana mmoja kinyozi alikuja nyumbani kwa dada yangu akiniulizia. Mkononi alikuwa na mashine yake ya kunyolea, ameishika kwa waya namna mtu anavyoshika kuku aliyekufa.

"Mwalimu, habari ya asubuhi. Hii imekufa," alisema. "Tangu Alhamisi inang'oa nywele badala ya kukata. Jana mteja aliinuka kichwa kikiwa nusu, akaenda zake bila kulipa."

Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Angechukua pesa alizoweka kwa ajili ya kodi ya kibanda, akope kidogo juu yake, kisha anunue mashine nyingine kwa mama mmoja anayeleta vifaa vya saluni kutoka Busia. Nilimwomba asubiri dakika kumi.

Nilifungua skrubu mbili za mbele na kutoa vipande viwili vya chuma vyenye meno, ambavyo vinyozi huviita bledi. Chini yake kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi kuukuu. Zilikuwa nywele za vichwa vya miezi mingi, zimeshikamana na poda na mafuta ya nywele. Chuma chenyewe kilikuwa kikavu kabisa. Nilisugua kwa mswaki wa zamani, nikarudisha meno mahali pake, nikatia matone matatu ya mafuta ya cherehani, nikachomeka plagi. Mashine ikanguruma kama mpya.

"Kumbe haikuwa imekufa?" kijana aliuliza.

"Haikuwa imekufa," nilimjibu. "Ilikuwa imesongwa."

Mashine za namna hiyo nimezifungua nyingi, Jinja na Mbale, na ninachokiona karibu kila mara ni kile kile. Nyingi zinazotupwa si mbovu. Zimekosa brashi na mafuta. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya ndugu zangu waliorejea nyumbani na kuanza maisha kwa kunyoa, pamoja na wafanyabiashara wa mpakani wanaotuletea mashine hizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi ya kunyoa ufa huanzia chini ya bledi.

MTAJI WA ANAYEREJEA

Anayerudi baada ya miaka mingi ugenini mara nyingi hukuta shamba la baba linalimwa na wengine. Duka linataka mtaji na pikipiki ya bodaboda inataka fedha nyingi zaidi. Kinyozi anahitaji mashine, kioo, kiti na shuka moja safi. Ndiyo maana ukitembea Mbale kutoka mnara wa saa kuelekea Namakwekwe, au ukizunguka Walukuba na Mpumudde kule Jinja, vibanda vya kunyoa vimepangana kama shanga. Kwa mwenye kibanda, mashine ndiyo jembe na ndiyo ng'ombe. Ikizimika, nyumba nzima inalala na njaa.

Hayo nayajua kwa sababu mimi mwenyewe ni mrejeaji. Familia yetu ilivuka mpaka wa Lwakhakha mwaka 1985, nikiwa na miaka sita. Darasa la kwanza nilianzia Bungoma, wakati mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukiwa bado mpya nchini Kenya, na shule zote nilizimalizia huko. Nilirudi Mbale mwaka 2003 nikiwa mwalimu mwenye vyeti vya Kenya na Kiswahili kingi kuliko Lugisu.

Aliyenifundisha kushika mashine ni mjomba wangu, tukiwa huko Bungoma. Alinyoa watu chini ya mti kwa mashine ya mkono, ile inayobanwa kwa vidole kama koleo. Kabla ya hapo alikuwa kibarua kwenye shamba la kondoo wa sufu karibu na Molo, katika Bonde la Ufa. Kondoo tulio nao huku mashariki mwa Uganda wengi wao wana manyoya mafupi na hawanyolewi, kwa hiyo sisi watoto tulimsikiliza kama mtu anayesimulia mambo ya ng'ambo.

Alitueleza kwamba mashine ya kunyolea kondoo hushikwa kwa mkono mmoja, nayo huendeshwa na mtambo ulioning'inizwa juu. Mbele ina chanio pana, kwa kawaida la meno 13, ambalo hupita kwenye sufu bila kutikisika. Juu ya chanio kuna kisu cha ncha nne kinachokwenda kushoto na kulia. Uma wa chuma hukikandamiza kisu juu ya chanio, na nati iliyo juu ya mashine huongeza au kupunguza mkandamizo huo. Nati ikilegea, sufu huingia katikati ya vyuma na kukwama. Ikikazwa mno, vyuma hupata moto na kuliwa upesi. Baada ya kondoo wachache mnyoaji husimama, hubadilisha kisu, hutia mafuta, kisha huendelea.

Mjomba alikuwa na msemo wake. "Kondoo hawezi kukuambia kisu kimepata moto. Atapiga teke. Mtoto naye hawezi kukuambia. Atalia tu. Wewe usingoje teke wala kilio."

Nilimsikia, lakini sikumwelewa mpaka mwaka 2020.

AIBU YA MWAKA 2020

Mwezi Machi mwaka huo shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Sisi tuliokuwa tukifundisha katika shule za binafsi tulibaki bila mshahara. Mwezi Julai 2020 saluni ziliporuhusiwa kufungua tena, nilitoa mashine ya umeme niliyokuwa nayo kabatini, nikaanza kunyoa watoto wa majirani barazani kwangu, hapa Mbale. Wazazi walinipenda kwa sababu mimi ni mwalimu. Waliamini kwamba mwalimu hafanyi mambo ovyo.

Kila nilipomaliza kichwa kimoja nilipangusa meno ya mashine kwa kitambaa chenye spiriti, nikamwita anayefuata. Niliona nimefanya usafi wa kutosha. Baada ya siku kadhaa mashine ilianza kupata moto na kuvuta nywele. Niliikandamiza zaidi kichwani ili ikate. Watoto wawili walichubuka nyuma ya masikio. Nikasema ni jambo la kawaida.

Majuma mawili hayakupita. Mama mmoja jirani alinijia jioni amemshika mwanawe mkono. Kichwani mwa mtoto mlikuwa na mabaka mawili meupe ya duara, nywele zimekatika. Yalikuwa mapunye.

"Mwalimu," aliniambia kwa sauti ya chini, "huyu ni wa tano. Tumehesabu. Wote wamenyolewa hapa kwako."

Nilikosa la kusema. Kesho yake niliandamana nao kwenye zahanati. Muuguzi alitueleza kwamba mapunye ya kichwani hayaishi kwa kupaka dawa peke yake, kwa kuwa kuvu wake huingia ndani ya unywele wenyewe. Mtoto hana budi kumeza vidonge, kama vile griseofulvin, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa majuma sita hadi manane. Nililipia dawa za watoto wote watano. Fedha nilizopata kwa kunyoa ziliishia hapo, na nyingine nikakopa.

Usiku ule ndipo nilipofungua mashine yangu kwa mara ya kwanza. Chini ya bledi nilikuta lile blanketi la nywele. Spiriti yangu ilikuwa ikipangusa mlango tu, na uchafu umelala chumbani. Isitoshe, spiriti hukausha mafuta. Kila nilipopangusa niliondoa kinga ya chuma bila kuirudisha. Chuma kikavu hupata moto, meno yaliyopata moto huliwa, meno yaliyoliwa huvuta, na mashine inayovuta humfanya kinyozi aikandamize mpaka ichubue. Ngozi iliyochubuliwa na mashine chafu ni mlango wazi kwa ugonjwa. Kosa lilikuwa moja, la kutoifungua mashine, nalo likazaa hasara ya chuma na hasara ya vichwa vya watoto.

JINSI MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Mashine ya kondoo na mashine ya kinyozi ni ndugu. Ya kondoo ndiyo kaka. Frederick Wolseley, mzaliwa wa Ireland aliyeishi Australia, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1877, na mwaka 1888 kundi zima la shamba la Dunlop, huko New South Wales, lilinyolewa kwa mashine. Kwa upande wa vinyozi, Mmarekani Leo Wahl wa mji wa Sterling, jimbo la Illinois, aliomba hataza ya mashine ya umeme ya kushikwa mkononi mwaka 1919 na akaipata mwaka 1921. Mashine nyingi zenye waya zinazouzwa katika masoko yetu zinafuata namna ile ile, hata kama zimetengenezwa China.

Ndani yake hamna mota inayozunguka. Kuna koili ya waya wa shaba na mkono wa chuma wenye springi. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na kila badiliko huuvuta mkono ule mara mbili. Kwa hiyo bledi ya juu hupiga mapigo 100 kwa sekunde, sawa na 6,000 kwa dakika. Bledi ya chini haitikisiki. Ndiyo chanio la kondoo lililofanywa dogo. Vyuma viwili vinavyosuguana mara 6,000 kwa dakika bila mafuta haviwezi kudumu.

MATUNZO YA KILA SIKU

Kwanza, chomoa plagi. Mashine haifunguliwi ikiwa kwenye umeme, hata kama swichi imezimwa.

Pili, piga brashi kila baada ya kichwa. Brashi ndogo huja na mashine, lakini mswaki wa zamani uliooshwa unafaa vilevile. Pandisha na kushusha ule mkono wa pembeni unaorefusha na kufupisha mkato. Kufanya hivyo hutoa nywele zilizobanwa katikati ya bledi.

Tatu, tia mafuta asubuhi kabla ya kazi, na tena kila baada ya vichwa kadhaa. Weka matone matatu kwenye meno, kulia, katikati na kushoto, kisha tone moja kila upande mahali bledi mbili zinapokutana. Iwashe kwa sekunde chache meno yakiwa yameelekea chini ili mafuta yasiingie kwenye koili, halafu pangusa yaliyozidi. Mafuta yawe ya cherehani au yale yaliyokuja na mashine. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Ya injini ni mazito na yananuka. Vaselini hukusanya nywele. Bei ya chupa ndogo ya mafuta ya cherehani haizidi malipo ya vichwa viwili vitatu, nayo hukaa miezi.

Nne, mara moja kila jioni toa bledi kabisa. Ondoa nywele zote zilizo chini yake na zile zilizozunguka mkono wa chuma. Usiuoshe mwili wa mashine kwa maji.

IKIANZA KUSUMBUA

Ikipiga kelele kama bati linalogongwa, usiitupe. Ubavuni mwa mashine za koili kuna skrubu ya nguvu. Mashine ikiwa imewashwa, zungusha skrubu hiyo polepole mpaka usikie kelele kali, kisha irudishe kidogo kidogo mpaka kelele ikome na ubaki mngurumo laini. Hapo ndipo mahali pake. Ikinguruma kwa unyonge na kukata polepole, skrubu hiyo hiyo ndiyo ya kuanzia.

Ikivuta nywele, ifungue na kuisafisha kwanza, kisha uangalie mpango wa meno. Legeza kidogo skrubu mbili za bledi ya chini. Ncha za bledi ya juu lazima zibaki nyuma ya ncha za bledi ya chini kwa kiasi cha unene wa kadi ya benki, nazo ziwe sambamba, zisiinamie upande mmoja. Pembeni pia, jino la mwisho la bledi ya juu lisitokeze nje ya bledi ya chini. Bledi ya juu ikitangulia mbele, hukata ngozi badala ya nywele. Vijana wengi huisogeza makusudi ili kunyoa karibu kabisa na ngozi, kwa kuwa wateja wanapenda. Mteja huyo huyo atakuwa wa kwanza kulalamika shingo ikitoka vipele. Ukimaliza kupanga, kaza skrubu kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, la sivyo bledi itahama.

Ikiendelea kuvuta baada ya usafi, mafuta na kupanga, basi makali yamekwisha. Mnyoaji wa kondoo hunoa visu vyake kwenye sahani ya chuma inayozunguka, yenye karatasi ya msasa. Sisi tunaweza kutumia kipande cha kioo kinene na msasa laini wa namba 1000. Lowesha msasa, laza bledi upande wake bapa, ule unaokutana na mwenzake, uivute kuelekea mgongo wake, si kuelekea meno, mara kumi hivi kwa mkandamizo sawasawa. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili. Osha, kausha papo hapo, tia mafuta. Bledi mbili zilizozoeana zisitenganishwe, maana zimeliwa pamoja. Yenye jino lililovunjika hainolewi, inatupwa.

Ikiwa kimya kabisa, usikimbilie kusema koili imeungua. Kunja waya taratibu karibu na pale unapoingia kwenye mashine. Kama inawaka na kuzima, waya umekatika ndani. Hapo ndipo hukatikia mara nyingi, kwa sababu vinyozi huning'iniza mashine kwa waya au huuzungushia mwilini mwa mashine usiku. Fundi wa umeme atakata sehemu iliyoharibika na kuunga upya kwa risasi. Usiuzungushie utepe ukaendelea na kazi. Unaushika kwa mkono wenye jasho, na mteja ana nywele zilizolowa. Mashine inayokupiga shoti hata mara moja iache mpaka itengenezwe.

KWA WANAOVUKA MPAKA

Umeme una mambo yake pia. Jinja imekuwa na bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, tangu mwaka 1954, lakini kuwa karibu na bwawa hakumzuii mtu kukatiwa umeme. Umeme ukikatika ukiwa kazini, zima swichi, chomoa plagi, usubiri urudi na utulie. Ule unaorudi kwa kishindo ndio unaoua koili. Anayetumia jenereta ndogo ya petroli aweke kifaa cha kusawazisha umeme.

Ndugu zetu wanaorudi kutoka Marekani huleta mashine nzuri, nao huzipoteza siku ya kwanza. Umeme wa kule ni volti 120 na hubadilika mara 60 kwa sekunde. Wa kwetu ni volti 240, mara 50. Ukiichomeka moja kwa moja koili huungua mara moja. Ukitumia transfoma ya kushusha volti hautakuwa umemaliza tatizo, kwani transfoma haibadilishi zile mara 50. Mashine itapata moto zaidi na itataka skrubu ya nguvu ipangwe upya. Afadhali ile ya betri ambayo chaja yake imeandikwa 100-240V, 50/60Hz. Hiyo inafanya kazi Chicago na inafanya kazi Bugembe.

Mama na baba mnaonunua mzigo Nairobi na kuupitisha Busia au Malaba, someni maandishi hayo kabla ya kulipa. Fungueni boksi moja katika kila fungu. Iwasheni. Tazameni ncha za meno kwa jicho la pembeni. Ulizeni kama bledi za akiba zinapatikana peke yake, kwa kuwa mashine isiyo na bledi za akiba ni mzigo wa kuuzwa mara moja tu. Mteja aliyeuziwa bledi nzuri atarudi. Aliyeuziwa jina la kampuni kubwa lililobandikwa kwenye mashine bandia hatarudi, na atawaambia wenzake.

Jambo jingine linahusu forodha. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni wa bidhaa zinazotoka ndani ya jumuiya. Mashine iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu umeinunua Nairobi. Itangaze, lipa, tunza risiti. Ni afadhali kupungukiwa na faida kuliko kupoteza mzigo wote.

BLEDI NA DAMU

Nimeacha jambo kubwa mwisho. Sisi wa Bugisu tunaelewa habari ya kisu kuliko wengi. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili vijana wetu husimama imbalu, na hakuna mzazi anayekubali kisu butu au chenye kutu. Tangu Ukimwi ulipoingia, wahudumu wa afya wamesisitiza kila kijana awe na kisu chake. Tumelielewa somo hilo uwanjani. Kwa nini tulisahau saluni, ambako mtoto huenda kila mwezi?

Hatari ya kinyozi haiishii kwenye mapunye. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa siku 7 nje ya mwili vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Kwa hiyo kila kinyozi awe na seti mbili za bledi, au zaidi. Moja inafanya kazi huku nyingine imesuguliwa kwa brashi, ikaoshwa kwa sabuni, ikakaushwa, kisha ikalowekwa kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kumi. Ikitoka humo itiwe mafuta upya. Usitumie dawa ya klorini ya kufulia, kwani huleta kutu. Spiriti iwekwe mbali na jiko la mkaa na sigara. Damu ikitoka, hata tone moja, zima mashine na ubadilishe bledi hapo hapo, mteja akiona.

Lile sanduku lenye taa ya buluu linalopamba meza za saluni nyingi haliondoi kazi ya brashi. Mwanga wake huua unachokiangukia. Haupiti ndani ya nywele na mafuta yaliyoganda. Ukitia humo mashine chafu, utatoa mashine chafu.

Na mtoto mwenye mabaka kichwani asinyolewe. Mwambie mzazi kwa upole ampeleke kwanza kwa mhudumu wa afya. Utapoteza malipo ya kichwa kimoja, lakini utaokoa vichwa vya mtaa.

"FUNGUA NIONE"

Shule zilipofunguliwa nilirudi darasani, na mpaka leo nafundisha. Jumamosi natengeneza mashine Mbale. Mwisho wa mwezi hupanda gari kupitia Tirinyi na Iganga kwenda kwa dada yangu Jinja, na bisibisi zangu huwa mfukoni. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, nami naongeza kwamba hata mashine yake haijisafishi.

Yule kijana wa Walukuba hakununua mashine nyingine. Kodi ya kibanda aliilipa, na chupa ya mafuta ya cherehani sasa iko mezani pake karibu na kioo.

Lakini somo lenyewe sikufundishwa na kinyozi. Mwezi Desemba 2020, watoto wale watano walipopona na nywele kuota tena, yule mama jirani alirudi barazani kwangu na mwanawe. Sikutegemea kumwona. Nilivuta kiti, nikachukua shuka. Yeye akabaki amesimama.

"Mwalimu," alisema, "fungua kwanza nione chini."

Nilichomoa plagi, nikalegeza skrubu mbili, nikampa bledi mkononi. Alizigeuza, akapitisha kidole, akatazama ndani ya mashine kwenye mwanga wa jua. Kisha alinirudishia na kumwambia mwanawe aketi.

Tangu siku hiyo nafungua kabla sijaombwa. Nawe msomaji, ukimpeleka mwanao kunyolewa Jumamosi hii, Jinja, Mbale au kwingineko, usione haya kumwambia kinyozi maneno yale yale. Kinyozi mzuri hatakasirika.